Romeo na Juliet: Habari ya Kisasi cha Koo na Ndoa ya Siri

Walimu na mapadre wengi wamekwisha kuisoma, au kusomewa, ile habari ya Romeo na Juliet, vijana wawili wa mji wa Verona katika nchi ya Italia, waliopendana hali wazazi wao ni maadui, wakafa pamoja. Wengi huihesabu kuwa ni habari ya mapenzi tu, ya kuwaliza vijana, nao huipita upesi. Sisi twadhani sivyo. Mtu akiichunguza asili yake, na jinsi ilivyogeuzwa ikipita mkono kwa mkono, ataona kuwa yahusu mambo mawili ambayo kila mchungaji na kila mwalimu huletewa mlangoni pake: kisasi kati ya koo, na ndoa ifungwayo kwa siri. Nasi tukaao Nyarubungo, katika nchi ya Ngara na Biharamulo, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi, tuna sababu yetu ya kuitafakari, nayo tutaieleza mbele.

Kwanza na tuikumbuke habari yenyewe kwa ufupi, kama William Shakespeare alivyoitunga kuwa mchezo wa kuigizwa. Verona ilikuwa na nyumba mbili kubwa, Montague na Capulet, zenye uadui wa zamani. Wala mchezo hausemi hata mara moja uadui ule ulianzaje. Romeo, mwana wa Montague, aliingia karamu ya Capulet akiwa amejifunika uso, akamwona Juliet, binti wa nyumba ile. Usiku ule ule wakapeana ahadi, na kesho yake mtawa Laurence akawafungisha ndoa, wazazi wasijue. Mchana ule Tybalt, binamu wa Juliet, akamwua Mercutio, rafiki wa Romeo, naye Romeo akamwua Tybalt kwa kisasi. Mtawala wa mji akamfukuza Romeo, naye akaenda Mantua. Capulet, asiyejua kuwa binti yake ni mke wa mtu, akamlazimisha aolewe na Paris. Ndipo mtawa alipompa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa muda wa saa 42, akampelekea Romeo barua ya kumweleza shauri hilo.

Barua haikufika. Mjumbe alifungiwa katika nyumba iliyodhaniwa kuwa ina tauni, asiweze kutoka. Watu wa Biharamulo, ambako ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mwezi wa Januari 2025, hawahitaji kuelezwa sana jinsi maradhi yanavyokata njia za watu. Romeo alisikia tu kwamba mkewe amekufa. Akaja kaburini usiku, akamwua Paris aliyemkuta pale, akanywa sumu. Juliet alipoamka akamwona mumewe amelala maiti, akajichoma kisu. Baada ya hayo wazee wawili wakapeana mikono juu ya maiti za watoto wao, wakaahidiana kusimamisha sanamu za dhahabu.

Hadithi hii Shakespeare hakuibuni. Mwaka 1476 kilipigwa chapa kitabu cha Masuccio wa Salerno, ambamo imo habari ya vijana wa mji wa Siena waliofungishwa ndoa kwa siri na mtawa, nao wakaishia katika msiba. Yapata mwaka 1530 Luigi da Porto wa Vicenza akaihamishia Verona, akawapa vijana majina ya Romeo na Giulietta, akaongeza uadui wa nyumba mbili. Mwaka 1554 Matteo Bandello akaisimulia tena. Mwaka 1559 Pierre Boaistuau akaigeuza kwa Kifaransa. Na mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke akaitunga kwa mashairi marefu. Shakespeare alikitumia kitabu cha Brooke, akautunga mchezo wake yapata mwaka 1595, nao ukapigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1597.

Je, vijana hawa walikuwako kweli? Mshairi Dante, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 14, aliwataja Montecchi na Cappelletti pamoja, akiomboleza fitina za Italia. Lakini Montecchi walikuwa wa Verona, na Cappelletti, kama wataalamu walivyoonyesha, walikuwa kundi la watu wa mji wa Cremona. Hazikuwa nyumba mbili za mji mmoja zilizopigana mlango kwa mlango. Hata hivyo, mwishoni mwa karne ya 16, Girolamo della Corte aliandika katika historia yake ya Verona kwamba mambo haya yalitukia mwaka 1303. Hivyo hadithi ilivikwa nguo ya historia, na watu wakaisadiki. Sisi tunaokusanya masimulizi ya koo zetu na tuangalie sana hapo. Jina la kweli na mahali pa kweli havitoshi kulithibitisha jambo.

Tena kila mwandishi aliibadili habari kwa kusudi lake. Kwa da Porto na Bandello, binti ana umri wa miaka 18. Kwa Brooke ana miaka 16. Kwa Shakespeare hajatimiza 14. Kwa Brooke mambo yachukua miezi kadhaa, na vijana wakaa katika ndoa yao ya siri kwa muda kabla damu haijamwagika. Kwa Shakespeare yote yaanza Jumapili na kwisha alfajiri ya Alhamisi. Alimpunguza binti miaka, akampunguzia na siku, ili tuone jinsi watu wazima walivyowasukuma watoto mahali ambapo hapana nafasi ya kufikiri. Waswahili husema haraka haraka haina baraka; na mtawa Laurence mwenyewe alimwonya Romeo asifanye haraka, kisha akawafungisha ndoa siku ile ile.

Hapa twafikia jambo lenyewe. Kwa nini ndoa ya namna ile iliwezekana? Tangu karne ya 12 Kanisa la magharibi lilifundisha kwamba kifungacho ndoa ni ridhaa ya mume na mke wenyewe. Mafundisho hayo yalikuwa mema, kwa kuwa yaliwakinga vijana wasiozwe kwa nguvu. Lakini yalikuwa na upande wa pili: wawili wakiisha kupeana neno chumbani, hata bila mashahidi, walikuwa mume na mke mbele ya Mungu, wala baba hakuweza kuivunja ndoa yao. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikataza ndoa za siri na kuamuru zitangazwe, lakini haukuzibatilisha. Kesi zikawa nyingi: mtu aliapa kuwa ameoa, mwingine akaapa kuwa hakuolewa, na shahidi hayuko. Mwisho, tarehe 11 Novemba 1563, Mtaguso wa Trento uliamuru kwamba ndoa itangazwe mara tatu, na isifungwe ila mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Bila paroko na mashahidi hao si ndoa. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Brooke. Huko Uingereza, amri hiyo haikufuatwa, na ndoa za siri ziliendelea kuhesabiwa kuwa halali mpaka sheria ya mwaka 1753. Basi watu wa London walioutazama mchezo wa Shakespeare hawakuona jambo la ajabu la nchi ya mbali. Waliona jambo ambalo lingeweza kutokea katika nyumba zao wenyewe.

Brooke, katika dibaji yake, aliwatupia lawama vijana wenyewe kwa kutowatii wazazi, na watawa kwa kuwasaidia. Shakespeare hakufanya hivyo. Yeye alimfanya mtawa kuwa mtu mwema, mjuzi wa mitishamba, apendwaye na watu. Kusudi lake halikuwa baya: alitumaini kuwa ndoa ile itaugeuza uadui wa nyumba mbili kuwa upendo. Wangapi katika sisi hawajapata kuwaza hivyo? Hata sasa twasikia mtu akisema, “Waoane tu, wakizaa mtoto, wazee watanyamaza.”

Lakini tutazame ndoa ile ilifanya kazi gani. Saa chache baada ya kufungwa, Tybalt alimkabili Romeo njiani akimtukana. Romeo akakataa kupigana, kwa sababu Tybalt amekuwa shemeji yake. Lakini hakuweza kuisema sababu hiyo, maana ni siri. Mercutio alipoona rafiki yake anatukanwa na kunyamaza, alidhani ni woga. Akaona aibu, akafuta upanga mwenyewe, akauawa. Kama Romeo angeweza kusema neno moja, “Huyu ni ndugu wa mke wangu,” huenda upanga ungalirudi alani. Kadhalika Capulet: alimlazimisha binti yake aolewe na Paris asijue kuwa amekwisha kuolewa. Ubaya wake wa kumlazimisha mtoto hatuutetei hata kidogo. Lakini siri ndiyo iliyomnyima Juliet jibu la kumpa baba yake. Misiba yote miwili, wa njiani na wa nyumbani, ilizaliwa na ndoa ile ile iliyokusudiwa kuleta amani. Chuki iliyo wazi sokoni haiponywi kwa ndoa ya gizani.

Wala mtawala wa mji hakuwa na dawa iliyo bora. Mara tatu wenyeji walikuwa wamefanya ghasia kabla ya kutoa amri yake, na amri ilikuwa moja tu: atakayepigana tena atauawa. Hakuwaita wazee wa pande mbili wakae chini pamoja, waeleze chanzo cha ugomvi, watoe fidia, wale kiapo. Mwishoni alikiri mbele ya maiti kwamba naye ameadhibiwa, kwa kuwa aliufumbia macho ugomvi ule, akapoteza jamaa zake wawili, Mercutio na Paris. Kwa maneno mengine, Verona ilikuwa na hakimu na ilikuwa na kasisi, lakini haikuwa na mpatanishi.

Sasa na tugeukie nchi zetu. Kisasi tulikijua vema, wala haifai kuwasingizia wazee wetu upole ambao hawakuwa nao. Katika Rwanda na Burundi, na katika Bugufi ambayo hapo kale ilikuwa chini ya mwami wa Burundi, kisasi cha damu kiliitwa guhora. Mtu akiuawa, jamaa zake walipaswa kulipa, na yeyote wa ukoo wa mwuaji aliweza kulipishwa, ijapokuwa yeye hakuua. Iliaminiwa kuwa mzimu wa aliyeuawa hautatulia hata alipiwe, bali utawasumbua walio hai. Romeo alipomfuata Tybalt akisema kuwa roho ya Mercutio iko juu ya vichwa vyao yangoja mwenzake, mzee wa Kihangaza angelifahamu neno hilo bila mfasiri.

Lakini pamoja na kisasi zilikuwako njia za kukifunga, na zote zilifanana kwa jambo moja: zilifanywa mbele ya watu. Burundi walikuwako abashingantahe, wazee wa haki waliosikiliza pande mbili hadharani na kuamua. Lilikuwako agano la kunywana, yaani kuchanjiana damu. Rwanda walichanja tumboni, wakanywa damu katika maziwa au pombe. Buhaya walikula buni zilizopakwa damu. Aliyewafungisha agano alitamka laana juu ya yule atakayemsaliti mwenzake, na mashahidi wakasikia. Nguvu ya agano haikuwa katika damu tu, ilikuwa katika masikio ya waliohudhuria. Mtu akiisha kunywana hakuweza kusema kesho, “Mimi simjui huyu.”

Na posa vivyo hivyo. Kijana hakwenda mwenyewe kwa baba wa binti. Alikwenda mshenga, mtu mzima ajuaye kusema, asiye na kiburi wala hasira. Akifukuzwa, aliyefukuzwa ni mshenga, wala si ukoo, na njia ya kurudi ilibaki wazi. Ndipo zikaja hesabu za mahari, ng'ombe kwa wenye ng'ombe, majembe kwa wasio nao, na pombe ya ndizi ikanywewa na pande mbili kutoka chungu kimoja. Tukisema hayo hatusifu yote. Katika shauri hilo binti mara nyingi hakuulizwa, na wako waliopewa watu wasiowataka, kama Juliet alivyopewa Paris. Mila yetu ilikuwa na ushahidi lakini ilipungukiwa ridhaa. Ndoa ya mtawa Laurence ilikuwa na ridhaa lakini ilikosa ushahidi. Ndoa iliyo kamili yataka vyote viwili.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imejaribu kuviunganisha. Yataka ridhaa ya hiari ya mume na ya mke, na yataka notisi itolewe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi aseme. Juu ya umri, Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilihukumu kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya kutimiza miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Kwa hukumu hiyo, Juliet wa da Porto ana haki ya kuolewa; Juliet wa Shakespeare ni mtoto wa shule.

Tumesema tuna sababu yetu, na sasa tuitaje. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na mto Kagera ukawa unachukua maiti kuelekea ziwani. Benaco ikawa kambi kubwa. Warundi nao walikuja kwa vita vya kwao, na kambi yao ya Lukole haikufungwa mpaka mwaka 2008. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa Desemba 1996, lakini mambo yaliyotendeka hayarudishwi kwa lori. Kumbukumbu hubaki katika koo, pande zote za mpaka, na vijana wasiokuwa wamezaliwa wakati ule hurithi chuki wasiyoijua mwanzo wake, kama watu wa Verona. Kijana na binti wakipendana, na baba wa mmoja akasema, “Ukoo ule ndio uliotuua,” kasisi atafanya nini?

Jibu moja lilitolewa jirani na kwetu, kwa njia ya redio. Mwaka 2004 ulianza katika Redio Rwanda mchezo wa mfululizo uitwao Musekeweya, yaani mapambazuko mapya, kwa lugha ambayo msikilizaji wa Kihangaza hufahamu pasipo taabu kubwa. Ni habari ya vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vilivyogombana kwa ajili ya bonde lenye rutuba, hata vikashambuliana. Wenye kuutunga hawakutaja makabila, bali kila msikilizaji alielewa. Katika vijiji hivyo kijana Shema na binti Batamuriza walipendana, naye Rutanagira, kaka wa binti, ndiye aliyekuwa akiwachochea watu wa kwao. Hapa basi twawaona Romeo, Juliet na Tybalt wakiwa ng'ambo ya Kagera. Lakini vijana hawa hawakukimbilia chumba cha mtawa. Walikusanya vijana wenzao wa vijiji vyote viwili, wakaunda chama cha amani, wakasema wazi mbele ya wakubwa waliotaka vita. Mapenzi yao hayakuwa siri ya watu wawili. Yalipata mashahidi, na mashahidi wakawa ngao yao.

Mtu aweza kutujibu kwamba ni rahisi kunena hivi katika mchezo, ila katika maisha kuyaweka mapenzi wazi kwaweza kuwatia vijana hatarini. Na kwamba mtawa Laurence alificha kwa kuwa aliogopa damu. Neno hilo ni kweli, wala hatulidharau. Kuna nyumba ambazo binti akitaja jina la mchumba wake atapigwa. Lakini kati ya kuficha na kutangaza sokoni iko njia ya tatu, nayo ndiyo ile ya mshenga. Mtawa alikuwa na heshima katika nyumba zote mbili; Montague na Capulet wote wangalimfungulia mlango. Angeweza kwenda kwa mmoja peke yake, kisha kwa mwingine, kumtafuta shangazi au mjomba mwenye moyo mwororo, kumwambia mtawala, kungoja mwezi, kungoja mwaka. Akachagua kufungisha ndoa kwanza na kupatanisha baadaye. Na baadaye haikupatikana.

Basi kwa kasisi na mwalimu aletewaye shauri kama hili, twaona utaratibu ni huu. Awasikilize vijana kila mmoja peke yake, ajue kama ridhaa yao ni ya kweli na umri wao umetimia. Asiwakemee, maana wakikemewa watakwenda kwa mtu mwingine asiyeuliza neno. Asiwafungishe upesi, na asiwape ahadi ya siri ambayo yeye mwenyewe hataweza kuilinda. Kisha achukue fimbo yake, aende kwa wazee, mara ya kwanza na ya pili na ya saba, akiwa mshenga kabla ya kuwa mfungishaji. Na kama wazee wakikataa hata mwisho, na vijana ni watu wazima wenye ridhaa, ndoa na ifungwe. Lakini ifungwe mchana, milango i wazi, mbele ya mashahidi wa pande zote watakaokubali kuja, hata wakiwa wawili tu.

Maana wazee wa Verona walipatana, hilo twalisoma. Neno walilohitaji kuambiwa lilikuwa fupi, nao waliweza kulipokea. Tena walipolisikia kaburini walilipokea papo hapo, wakapeana mikono. Hawakushindwa na uzito wa chuki yao. Hakuna aliyekwenda kuwaambia watoto wao wangali hai.